Mume Wangu Chepngeno na Nyumba za Mawe

Mimi niliolewa na mwanamke. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana huko mbele kuna mahali kicheko kitakukwama kooni kama mfupa wa kuku, na mimi sitakupiga mgongo.

Aliitwa Chepngeno. Kwetu sisi Wakipsigis, mwanamke aliyefiwa na mume kabla hajapata mtoto, kama ana ng'ombe, anaweza kwenda kwa wazazi wa msichana, akatoa mahari, akaoa. Wazee wanakuja, pombe inanyweka, kila kitu kinafanywa kama arusi nyingine yoyote. Tangu siku hiyo huyo mama si mama tena. Ni mzee wa boma. Habebi kuni mgongoni, hachoti maji, hagusi sufuria, na watoto atakaozaa mke wake ni wa nyumba yake yeye. Watoto wanatoka wapi? Wanatoka kwa Mungu. Wewe ulitoka wapi?

Basi huyo Chepngeno aliachwa mjane kwenye shamba la Mzungu huko juu Molo, mahali pa baridi hata moto wenyewe ulikuwa ukijikunyata jikoni ukiomba blanketi. Marehemu alimwachia ng'ombe wazuri. Halafu mwenye shamba akaona ng'ombe wa maskwota, wafanyakazi waliokaa na mifugo yao shambani kwake, wamezidi, wanawamalizia kondoo wake majani, akaanza kuwafagia. Watu waliita jambo hilo Kifagio. Leo boma hili, kesho lile, unaamka tajiri unalala na kamba mkononi. Chepngeno hakungoja zamu yake. Aliwatoa ng'ombe wote, akawashusha mpaka kwa baba yangu Londiani, akanioa mimi, Jeruto, nikiwa bado sijajua hata kukaza mkanda wa kibuyu.

Mzungu alipokuja kufagia alikuta zizi tupu na mjane amekaa anatafuna mahindi.

"Ng'ombe wapi?"

"Nimeoa," akasema Chepngeno, akaendelea kutafuna.

Kwa jibu hilo tulifukuzwa shambani. Ndivyo tulivyofika Nakuru, kwenye mtaa ulioitwa Kambi ya Vumbi, chini ya reli, upande unaoshuka ziwani. Na jina halikuwa la bure. Vumbi la pale lilikuwa nene hata kuku wangu mmoja alipanda juu yake akataga, na yai likabaki hewani mpaka mvua ya Aprili ilipoliteremsha. Nyumba zetu zilikuwa za udongo, paa za madebe ya mafuta yaliyofunguliwa yakapigwa yakawa bapa. Ndugu yake Chepngeno aliyekuwa Rongai alikuwa akituletea maziwa, mimi nayalaza kwenye vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa, halafu tunawauzia watu wa reli. Kubeba nabeba mimi. Yeye anatangulia na fimbo yake, koti la marehemu limemfika magotini, anasalimia wateja. Binti yetu Cheptanui alipoanza kusema, alimwita Kogo, yaani nyanya, ndani ya nyumba, na mbele ya watu akamwita Baba. Hakuna aliyemfundisha.

Ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa Wachuka. Ulikuwa mwembamba hata yeye akipiga chafya kwake, mimi huku namwambia apone. Wachuka alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa Elburgon kwenye kambi ya maskwota, na alikaanga mandazi nje ya mlango wake. Mume wake alichukuliwa mwaka ule Emajensi ilipoanza, ile hali ya hatari, Wakikuyu wakawa wanakamatwa ovyo, akapandishwa gari na wenzake, na tangu hapo hakuna aliyesikia hata kikohozi chake. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo ule ulitosha mtaa mzima.

"Mzee Chepngeno!" anaita asubuhi. "Ndevu zako umeziacha Molo?"

"Nimeziweka akiba," anajibu Chepngeno. "Siku nikikosa chakula niziuze kwa mume wako."

Wanacheka wote wawili. Wakikuyu wa zamani nao walikuwa na desturi hiyo ya mwanamke kuoa, kwa hiyo Wachuka alijua anachotania.

Mambo yalianza na vigingi. Asubuhi moja tulitoka tukakuta vimepigwa kotekote, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu. Kimoja kilikuwa katikati ya mahali Wachuka anapokaangia. Alikitazama, akasogeza karai, akakaanga akikizunguka. Halafu akaja Mzungu wa nyumba, mwenye kamba ya kupimia inayojirudisha yenyewe kwenye kibweta, na sisi tukamwita Bwana Kamba. Mrefu! Akiinama kupima mlango wako, kofia yake inaingia kwa jirani. Alipima bila kusalimia. Alipima mpaka mahali mtoto wangu alipokuwa amekaa, akamruka kama kopo.

Ng'ambo ya barabara zikaanza kuota nyumba za mawe. Mstari mmoja, kisha mwingine, zote sura moja, paa nyekundu, madirisha ya vioo. Mbele yake wakajenga maduka yenye baraza ya saruji na milango ya bati inayoshuka kutoka juu kama jicho linalofumba. Kila Jumapili watu walikwenda kuzitazama, wakarudi wananong'ona. Mpagazi mmoja wa stesheni alimwambia Wachuka kwamba ile chokaa husagwa pamoja na mifupa. Wachuka akaniambia mimi. Na mimi, hadithi ikinipitia haitoki ilivyoingia. Nikasema si mifupa tu: kila nyumba lazima azikwe mtu chini ya kizingiti ndipo ukuta usimame. Nilisema nikicheka. Haikupita muda hadithi yangu ikanirudia kutoka kwa muuza mkaa, imenona, ina majina ya watu na mitaa waliyopotelea. Nikaiogopa kama wengine. Cheptanui akipiga hatua mbili tu kuelekea barabarani, namrudisha mbio.

Halafu ikaja habari ya kweli, na yenyewe haikuhitaji mtu wa kuinenepesha. Msimamizi wa mtaa alipita na tarumbeta ya bati mdomoni.

"Sikieni! Kambi ya Vumbi inavunjwa! Nyumba za mawe ni za mwanaume mwenye kazi na mke wake! Mwanamke asiye na mume hana kazi mjini! Atapandishwa lori arudishwe kwao!"

Alipofika kwetu alishusha tarumbeta, akamtazama Chepngeno juu mpaka chini.

"Na wewe, mama?"

"Mama ni huyu," akasema Chepngeno akinionyesha mimi. "Mimi nimesikia. Nyumba ni ya mwanaume mwenye mke."

Msimamizi alicheka mpaka akashika ukuta. Sisi hatukucheka. Maana Chepngeno kurudishwa kwao ni wapi? Molo alifukuzwa. Na mimi, nikirudishwa Londiani bila mume, ng'ombe wa mahari wamekwisha kuliwa na kaka zangu, baba atanipeleka kwa mzee mwingine na mtoto atakaa upande gani? Yule mtoto alikuwa wa nyumba ya Chepngeno. Lori likitutenganisha, nyumba hiyo imezimika kama taa. Hilo ndilo lililokuwa likimla mume wangu. Alianza kuamka kabla ya ndege, anakaa mlangoni na koti lake, anatazama ng'ambo. Uji nampa, unapoa mkononi mwake unafanya ngozi.

"Watakuamini?" nikamuuliza.

"Wazee walikunywa pombe yangu," akasema. "Watu wazima walikaa siku nzima wakanibariki. Mzungu mmoja mwenye kamba atafungua fundo hilo na nini?"

Maneno makubwa. Lakini bakuli la uji alilirudisha limejaa.

Jioni moja Wachuka alikuja na mandazi yaliyobaki, akakaa chini kwetu bila kuitwa. Alikuwa amejifunga leso mpya.

"Mzee," akasema, "nioe na mimi."

Nikacheka. "Wewe utanipikia mimi, mke mdogo?"

"Nitakupikia, nitakuchotea, nitakukuna mgongo. Mzee, nitazame vizuri. Sina makuu. Sili sana."

"Unakula kama trekta," akasema Chepngeno.

"Nitapunguza."

Tukacheka tena, mimi na Chepngeno. Halafu nikaona tunacheka wawili tu. Wachuka alikuwa akikunja pindo la leso, anakunja, anakunjua.

"Wanasema tunapelekwa rizavu, kule nchi ya Wakikuyu," akasema polepole. "Mimi rizavu sijawahi kuiona. Nimezaliwa Elburgon. Nikishushwa huko nitamwambia nani mimi ni wake? Wale walioko huko wamefungiwa kwenye vijiji vyenye mitaro ya miti iliyochongwa, na wana njaa yao wenyewe. Mzee, kwenu mtu anaweza kuwa na wake wawili au hawezi?"

"Anaweza."

"Basi."

Chepngeno aliichora sakafu kwa ncha ya fimbo. Akasema, "Ng'ombe sina, Wachuka."

"Nani atauliza ng'ombe? Bwana Kamba?"

Wachuka aliinuka, akafuta vumbi, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Haya, mzee bahili, ule mandazi yangu bure basi," akaenda kwake. Ukuta ule mwembamba haukuniletea sauti yoyote tena.

Siku yenyewe ilifika na mngurumo. Lile trekta sijui niseme nini. Moshi wake ulifanya giza mpaka Molo, kondoo wa huko wakarudi zizini wakidhani ni jioni. Lilikuwa na sahani ya chuma mbele, pana kama mlango wa kanisa, na lilisimama mwisho wa mtaa likitetemeka, linangoja. Nyuma yake malori. Nyuma ya malori askari. Bwana Kamba alisimama kwenye sanduku.

"Bwana yote, laini hapa! Bibi yote, kaa na mizigo!"

Wanaume wakatoka wakajipanga kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimefunga vibuyu na blanketi kwa kamba, Cheptanui mgongoni. Wachuka alikuwa mlangoni pake na karai lake. Chepngeno alivaa kofia, akashika fimbo, akavuka ile barabara na kusimama kwenye mstari, katikati ya fundi viatu na mtu wa makaa ya reli.

"Mama, umepotea," fundi viatu akamnong'oneza. "Rudi, utatuletea balaa."

"Sogea kidogo," akasema Chepngeno. "Unanikanyaga."

Bwana Kamba alipita mtu kwa mtu. Kazi gani, bibi wapi, anamtazama bibi, anampa mtu ufunguo wenye kipande cha bati. Nilimwona akija. Alipofika kwa Chepngeno alisimama.

"Wewe nataka nini hapa? Hii laini ya bwana. Hapana ya bibi."

"Mimi ni bwana," akasema Chepngeno. "Kazi yangu maziwa. Mke wangu ni yule, mwenye mtoto."

Mtu mmoja nyuma alipasuka kicheko. Bwana Kamba hakucheka. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu kutoka chini, ikipanda kama chai kwenye kitambaa. Siku zile, mtu aliyeonekana anamchezea Mzungu mbele ya watu hakungoja lori. Alikuwa na gari lake peke yake, lenye waya dirishani.

"Wewe nafanya mchezo na mimi?"

"Hapana, bwana."

Akanigeukia mimi. "Wewe! Bwana yako wapi?"

Nikainua kidole nikamwonyesha Chepngeno.

"Na baba ya mtoto?"

Kidole changu kilikuwa bado kiko juu. Nikakiacha pale pale.

Bwana Kamba akapiga kelele kuita askari, na aliyekuja alikuwa kijana mmoja anayeitwa Kipkemboi, Mkipsigis kama sisi, suruali fupi iliyopigwa pasi hata unaweza kukatia nyama. Nikasema moyoni, tumekwisha. Kijana ana mshahara, ana bunduki, na bosi wake amekasirika. Atatuuza.

Sasa ujue kwetu salamu haikuwa moja. Mwanaume alisalimiwa Sopai, naye anajibu Epa. Mwanamke alisalimiwa Takwenya, anajibu Igo. Hakuna mtu aliyechanganya, hata mlevi. Kipkemboi alimtazama Chepngeno, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Halafu akaweka visigino pamoja.

"Sopai," akasema.

"Epa," akajibu mume wangu.

"Hii nani?" Bwana Kamba akauliza.

"Mzee, bwana. Mwenye boma. Ametoa ng'ombe, ameoa. Ni sheria yetu."

"Lakini hii mwanamke!"

"Alikuwa, bwana," akasema Kipkemboi.

Bwana Kamba alivua kofia akajipepea. Nadhani jua lilimsaidia kuamua, na bado alikuwa na mstari mrefu mbele yake. Akatia mkono kwenye mfuko wa funguo. Mimi nikaanza kupumua. Na hapo, funguo zikilia mfukoni, akauliza swali aliloliuliza kila mtu bila hata kumtazama usoni:

"Bibi moja?"

Macho ya Chepngeno yalivuka barabara, yakanipita, yakatua kwenye mlango wa jirani. Wachuka alikuwa amesimama wima. Karai alikuwa ameliweka chini.

Nikaomba Mungu mume wangu awe bubu.

"Wawili," akasema Chepngeno. "Na yule."

Nilifikiri ardhi imefunguka. Mtu ameponea kwenye tundu la sindano, anarudi kuchukua mwenzake! Wachuka alianza kutembea kuelekea kwenye mstari, hatua fupi fupi, kama mtu anayevuka mto akipapasa mawe kwa mguu. Bwana Kamba alimtazama, akaona ni Mkikuyu, macho yake yakawa madogo.

"Muulize," akamwambia Kipkemboi. "Uliza kwa lugha yenu. Kweli hii bibi yake?"

Bwana Kamba angemuuliza mwenyewe kwa Kiswahili chake kibovu, mume wangu angemwambia ndiyo, na ndiyo hiyo isingemkwaruza hata ulimi. Mzungu alikwisha danganywa na kila mtu kuanzia Naivasha mpaka Eldama Ravine. Lakini Kipkemboi aligeuka, akainamisha kichwa kidogo kama mtoto mbele ya baba yake, akauliza kwa lugha yetu:

"Mzee, ng'ombe zilitoka?"

Ni hayo tu. Na juu ya ng'ombe za mke, hakuna mtu wetu anayedanganya. Ng'ombe ndizo zilizomfanya Chepngeno kuwa mwanaume. Akisema zilitoka na hazikutoka, basi na zangu mimi zilikuwa nini? Na pombe ya wale wazee, na jina la mtoto mgongoni mwangu? Niliuona mdomo wake ukifunguka. Nilimwona akitafuta. Fimbo ilizama kwenye vumbi.

"Mzee?" Kipkemboi akasema tena, na sauti yake ilikuwa inaomba, nakuambia, yule kijana alikuwa anaomba apewe uongo. "Zilitoka?"

Chepngeno alifunga mdomo.

Kipkemboi alingoja kadiri alivyoweza. Halafu akamgeukia bosi wake. "Mmoja, bwana."

Ufunguo ulitua mkononi mwa mume wangu. Askari wengine wawili walimshika Wachuka kabla hajafika katikati ya barabara. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Niacheni nichukue karai," wakamwacha akachukua. Alipandishwa lori la nyuma pamoja na wanawake wengine na mizigo yao.

Halafu wanaume waliopewa funguo waliamriwa wasaidie kuvunja, kila mmoja na shoka. Trekta lilikuwa la kumalizia. Chepngeno alikuwa mwanaume, Bwana Kamba mwenyewe alikwisha kubali, kwa hiyo naye alipewa shoka. Alianza na nyumba yetu. Na kwa vile ukuta ulikuwa mmoja, ukianguka wa kwetu na wa Wachuka unaanguka. Kutoka juu ya lori Wachuka aliona kila pigo.

"Piga sawasawa, mzee!" akaita. Sauti ilikuwa ile ile ya asubuhi za mandazi, ila imepasuka pembeni. "Usije ukawaambia watu nyumba yangu ilikuwa laini!"

Chepngeno alipiga. Hakuinua kichwa. Lori lilipoondoka bado alikuwa akipiga, ukuta ulikwisha kuanguka zamani, anapiga udongo ulioko chini.

Tukahamia kwenye mawe. Chumba kimoja, sakafu ya saruji baridi kama ulimi wa maiti, dirisha la kioo, mtu yeyote anakuona unakula. Mimi kile kizingiti nilikiruka, sikukikanyaga, kwa ajili ya ile hadithi yangu mwenyewe. Nilitaka kufungua mizigo. Chepngeno akasema acha. Kesho yake akasema acha. Tuliishi hivyo, tunachomoa kijiko, tunarudisha, tunakaza kamba. Gari likipita taratibu nje, anasimama. Mtu akibisha hodi, ananiashiria ninyamazishe mtoto. Nyumba tulikuwa nayo, na hofu ilikuja nayo kama kunguni kwenye kitanda cha kununua.

Maziwa yetu hayakuuzika tena. Maduka ya baraza yaliuza maziwa ya chupa, na kutandika vibuyu mbele yake kulikatazwa. Chepngeno akaomba kazi kwa mmoja wa wenye maduka, akawa gadi, na koti lake na rungu. Duka alilopewa kulinda lilikuwa jipya, limejengwa upande wetu uliovunjwa, na baraza yake ilikuwa imesimama pale pale Wachuka alipokuwa akikaangia. Hakukaa barazani. Alilinda akiwa amesimama barabarani, mvua, jua. Mhindi mwenye duka alimsifu sana, akidhani ni bidii.

Hakumtaja Wachuka. Ila nilisikia kwa ndugu yake wa Rongai kwamba mshahara wote anaupeleka huko, na kwamba amenunua mtamba mwekundu mwenye doa la shingoni. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Nilisema neno mbele ya watu. Bado halijawa kweli."

Nikamwambia, "Huyo mama hatujui yuko wapi. Pengine amekufa."

"Mahari hapewi mke," akasema. "Wanapewa watu wake."

Alikuwa amesikia kwamba Wachuka ana mjomba, mzee Waithaka, ambaye Mzungu mmoja wa Elburgon alimbakiza shambani kwa sababu alijua kuponya kondoo. Basi siku moja tukamswaga yule mtamba kutoka Rongai tukapanda. Emajensi ilikuwa haijaisha. Kumpitisha ng'ombe bila ruhusa ilikuwa kesi, kwenda kwenye kambi ya Wakikuyu ilikuwa kesi ya pili, na barabarani kulikuwa na vizuizi. Tukafuata ukingo wa msitu. Huko nako kulikuwa na watu wa msitu waliokuwa wakitafuta nyama, na askari waliokuwa wakitafuta watu wa msitu, na wote walipiga risasi kwanza. Kila tawi likivunjika nilikufa kidogo. Nilikufa mara nyingi sana njiani, nashangaa nilifika na nini. Chepngeno alitangulia na fimbo, mimi nyuma na mtoto, ng'ombe katikati anatembea kama bibi arusi, hajali.

Nyumba ya Waithaka ilikuwa ya mwisho, karibu na josho la kondoo. Jua lilikuwa juu lakini mlango ulikuwa umefungwa. Ndani tulisikia mtu akizima moto kwa maji.

"Hodi," akasema Chepngeno.

Maji yalimwagwa tena.

"Mzee Waithaka. Nimekuja kwa habari ya mtoto wa dada yako, Wachuka."

"Simjui mtu wa jina hilo," sauti ikasema nyuma ya mlango. Ilikuwa sauti ya mzee. "Mimi sina dada. Mimi ni mtu wa kondoo tu. Mwambie bwana mkubwa nimekula kiapo cha serikali, karatasi ninayo."

"Sikutumwa na mtu. Nimeleta ng'ombe."

"Sijaiba ng'ombe!"

"Hujaiba. Ni wako. Ni wa Wachuka. Nimemuoa."

Sijui mzee wa watu alifikiri nini, sauti ya kike nje ya mlango wake inamwambia imemuoa mpwa wake. Nilisikia akisema kwa Kikuyu kitu kama sala.

"Ondokeni," akasema mwishowe. "Tafadhali, mama. Nina wajukuu humu."

Kutoka upande wa nyumba kubwa ya Mzungu mbwa walianza kubweka. Chepngeno alitazama huko, akatazama mlango. Akamfunga mtamba kwenye nguzo ya ua, akavuta fundo kuona limeshika. Akavua kofia, akasema kwa sauti kubwa, mlango usikie na mbwa wasikie:

"Nimetoa!"

Akageuka. Tukashika njia ya kurudi, na hatukukimbia, maana ukikimbia unafuatwa. Yeye hakuangalia nyuma. Mimi niliangalia. Mlango ulikuwa umefunguka upana wa kiganja, na mkono mwembamba, mweusi kwa majivu, ulikuwa umetoka ukipapasa ua, ukafika kwenye kamba, ukaanza kufungua fundo.

"Wamepokea?" mume wangu akauliza.

"Wamepokea."

"Kaza mtoto vizuri," akasema. "Twende kabla mwenye shamba hajaja."